WANAOTEULIWA KUTULINDA WASEME WANASIMAMA WAPI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya waumini na wanamageuzi waliokusanyika Matinyani, Kitui. Tunayachapisha kwa ukamilifu ili yasomwe na kujadiliwa katika vikundi na makanisa.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa la wakubwa wa Nairobi peke yao, yaani misimamo ya watu wanaoteuliwa kuwa mawaziri wa mambo ya nje, ulinzi na usalama wa ndani. Mtu wa Matinyani ana haki ya kuniuliza: "Mimi ninayengoja mvua ya Novemba, ninayefukua mchanga wa mto uliokauka nipate ndoo ya maji, nina shauri gani na Haiti, Kongo au Sudan?"

Shauri lipo, tena ni kubwa. Tangu enzi za Keya, Ukambani umekuwa ukitoa askari kwa wingi. Serikali inapoamua kupeleka kikosi nchi ya mbali, ipo nyumba katika vijiji vyetu ambamo mama halali usingizi. Binti zetu hupanda ndege kwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kutafuta riziki, na usalama wao huko hutegemea mapatano yaliyofanywa na waziri ambaye hawajapata kumwona kwa macho. Upande wa mashariki wa kaunti yetu, kule Mutha, Endau na Ukasi, wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombana miaka mingi juu ya malisho na maji, watu wamezikwa, na kila mara tunaambiwa kwamba askari wako njiani. Na mwaka 2024 tulishuhudia vijana wa nchi hii wakianguka barabarani kwa risasi za polisi wanaolipwa kwa kodi yetu.

Neno langu la leo ni moja. Katiba imetupa nafasi ya kuwapima watu hawa kabla hawajakalia viti vyao. Lakini tumeiacha nafasi hiyo igeuke kuwa shughuli ya kuhesabu mali na kukagua vyeti, na swali lililo zito kuliko yote haliulizwi ipasavyo: ewe unayetaka kukabidhiwa bunduki na bendera yetu, unasimama wapi?

TULIKOTOKA

Vijana waliomo humu hawakuziona siku ambazo mtu alifanywa waziri, au alifutwa uwaziri, kwa taarifa ya habari ya redio saa saba mchana. Rais aliamua, redio ikatangaza, wananchi wakapiga makofi au wakanyamaza. Bunge halikushauriwa. Hata mtu wa nyumbani kwetu, Mheshimiwa Kalonzo Musyoka wa Mwingi, alipofanywa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1993, na tena mwaka 2003 chini ya serikali ya NARC, hakuna kamati iliyomketisha mbele ya umma kumwuliza ana maoni gani juu ya vita vya Sudan au vya Somalia. Halikuwa kosa lake. Ndio uliokuwa utaratibu wa wakati huo.

Utaratibu ule ulizaa matunda machungu. Mwezi Februari 1984, katika operesheni iliyoitwa ya usalama, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Miaka ikapita bila waziri yeyote kutoa hesabu kamili mbele ya wananchi. Mwezi Februari 1990 mwili wa Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, ulipatikana ukiwa umechomwa, na ukweli wote wa kifo chake haujapata kuwekwa wazi. Tazameni basi: mahali ambapo wananchi hawana ruhusa ya kuuliza, hata waziri mwenyewe hana usalama.

Ndipo watumishi wa Mungu walipopaza sauti. Maaskofu Alexander Muge, Henry Okullu, David Gitari na Ndingi Mwana a'Nzeki, na Kasisi Timothy Njoya, walikemea dhuluma wakati ambapo kukemea kulikuwa hatari. Kura ya mlolongo ya mwaka 1988 ilipowaaibisha wananchi, baadhi yao walisema wazi kwamba hiyo haikuwa kura. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa, na vyama vingi vikarejea.

Lakini kurejea kwa vyama vingi hakukubadili namna ya kuteua mawaziri. Tulisubiri karibu miaka ishirini, hadi Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Tangu hapo Rais hupendekeza majina, na Bunge la Kitaifa huyakubali au huyakataa. Haki hii haikutuangukia kama mvua. Ililipiwa kwa jela, kwa machozi na kwa damu. Kwa hiyo tukiichezea, tunawachezea waliotutangulia.

SHERIA INAULIZA NINI

Baada ya Katiba, Bunge lilitunga sheria mwaka 2011 ya kuongoza namna walioteuliwa wanavyopigwa msasa. Sheria hiyo ina mambo mema. Karani wa Bunge anatakiwa awatangazie wananchi angalau siku saba kabla ya kikao. Mtu yeyote, awe wa chama chochote au asiwe na chama, anaruhusiwa kumpelekea Karani maandishi ya kiapo yenye ushahidi wa kumpinga mteuliwa. Mama wa Matinyani anayo haki hiyo sawasawa na wakili wa Nairobi.

Lakini sikilizeni mambo ambayo sheria hiyo inakielekeza kikao kiyaangalie. Inataja elimu ya mteuliwa, mafunzo na uzoefu wake wa kazi, kisha uadilifu wake na historia yake. Haisemi kwamba mteule wa Ulinzi aulizwe ni wakati gani ataona ni halali kuwapeleka wanajeshi ng'ambo. Haisemi kwamba mteule wa Usalama wa Ndani aeleze mpaka wa mamlaka yake juu ya polisi. Hakuna kinachomkataza mbunge kuuliza hayo, lakini pia hakuna kinachomlazimu.

Mwezi Oktoba 2022 Kamati ya Uteuzi ilikaa chini ya Spika Moses Wetang'ula, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mbele yake walipita Dkt. Alfred Mutua, aliyeteuliwa kwa Mambo ya Nje, Bw. Aden Duale, kwa Ulinzi. Na Profesa Kithure Kindiki, kwa Usalama wa Ndani. Tusiwasingizie wabunge kwamba hawakuuliza lolote la maana. Lakini jambo lililojaa magazetini na masokoni lilikuwa utajiri: kwamba Bw. Musalia Mudavadi, mteule wa kiti cha Mkuu wa Mawaziri, ana mali ya shilingi bilioni 4, kwamba Bw. Duale ana milioni 851. Tulihesabu mbuzi wa mchungaji, lakini hatukumwuliza atafanya nini fisi akiingia zizini.

Sisemi mali isiulizwe. Yethro alipomshauri Musa juu ya kuchagua viongozi, alitaka watu wanaochukia mapato ya dhuluma. Lakini Yethro hakuishia hapo. Alitaka pia watu wenye uwezo na wenye hofu ya Mungu, kwa sababu wangeamua mashauri ya watu. Kinachomfanya mtu astahili ni namna atakavyoamua, na namna hiyo huwezi kuijua kwa kusoma orodha ya mashamba yake.

KITI KILICHOPIMWA NA KITI KINACHOKALIWA

Liko jambo la pili, nalo linatuhusu sisi wa Kitui kwa karibu. Katika kikao hichohicho cha 2022 alifika Bi. Peninah Malonza, ambaye alikuwa naibu wa gavana wetu wa kwanza. Aliteuliwa kwa wizara ya Utalii. Kamati ilimkataa yeye peke yake, ikisema hakuonyesha ufahamu wa kutosha wa mambo ya wizara hiyo. Tarehe 26 Oktoba Bunge zima likaupindua uamuzi wa kamati na kumwidhinisha, na kesho yake akaapishwa pamoja na wenzake.

Sitaji jambo hili ili kumdhalilisha dada yetu. Nalitaja kwa sababu ya yaliyofuata. Tarehe 4 Oktoba 2023, kabla mwaka haujatimia, Rais aliwahamisha mawaziri kadhaa. Bi. Malonza alipelekwa wizara inayoshughulikia Jumuiya ya Afrika Mashariki na maeneo kame. Hakurudi mbele ya kamati. Aliyebishaniwa kwa sababu ya utalii akawa mtu wa kuzungumza na majirani zetu kwa niaba yetu, na hakuna aliyemwuliza neno juu ya majirani hao.

Siku hiyohiyo Dkt. Mutua aliondolewa Mambo ya Nje akapelekwa Utalii, na Mambo ya Nje akakabidhiwa Bw. Mudavadi, aliyekuwa amepigwa msasa kwa kiti cha Mkuu wa Mawaziri. Rais alipolivunja baraza lake tarehe 11 Julai 2024, Bw. Mudavadi alibakizwa. Profesa Kindiki alipoapishwa kuwa Naibu wa Rais tarehe 1 Novemba 2024, Bw. Mudavadi alishikilia pia Usalama wa Ndani kwa muda. Kisha mwezi Desemba Bw. Kipchumba Murkomen akahamishiwa wizara hiyo. Alikuwa amepita mbele ya kamati mara mbili: mwaka 2022 kwa ajili ya barabara na uchukuzi, na mwezi Agosti 2024 kwa ajili ya vijana na michezo. Kwa usalama hakupita hata mara moja.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Ilipofika mwisho wa Januari 2025, kati ya viti vitatu vya mambo ya nje, ulinzi na usalama wa ndani, ni kimoja tu ambacho aliyekikalia alikuwa ameulizwa maswali kwa ajili ya kiti hicho: Ulinzi, alichopewa Bi. Soipan Tuya baada ya kikao cha Agosti 2024. Viwili vilivyobaki vilijazwa kwa barua ya uhamisho.

Rais hakuvunja Katiba kwa kufanya hivyo. Kifungu cha 152 kinamruhusu kumhamisha waziri kutoka wizara moja hadi nyingine. Lakini jambo likiruhusiwa na sheria haina maana kwamba wananchi wafumbe macho. Ukimwajiri mtu achunge mbuzi, kisha ukamkuta anaendesha basi lililobeba watoto wako, hutatosheka kuambiwa kwamba aliwahi kuhojiwa.

VITI VITATU, MASWALI MATATU

Kwa nini natilia mkazo viti hivi vitatu? Kwa sababu kifungu cha 240 cha Katiba kimeunda Baraza la Usalama wa Taifa, na katika mawaziri wote, ni watatu tu wanaokaa humo pamoja na Rais, naibu wake, Mwanasheria Mkuu na wakuu wa vikosi: wa ulinzi, wa mambo ya nje, na wa usalama wa ndani. Baraza hilo linaweza kupeleka vikosi nje ya Kenya, ila kwa idhini ya Bunge. Mtu anayeingia humo anashika uhai wa watoto wa watu. Basi na aulizwe.

Tuanze na Mambo ya Nje. Tarehe 29 Julai 2023 Dkt. Mutua alitangaza kwamba Kenya iko tayari kupeleka polisi 1,000 Haiti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake tarehe 2 Oktoba. Siku mbili baadaye waziri aliyelitangazia taifa ahadi hiyo alikuwa amehamishwa. Bunge letu liliidhinisha tarehe 16 Novemba. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwatuma polisi nje kwa namna ile. Mapatano mapya yakatiwa saini na Haiti, na tarehe 25 Juni 2024 askari wa kwanza 400 wakatua huko. Kuanzia Machi 2025 tulianza kuwapokea wengine wakiwa katika majeneza. Ahadi ilitangulia, Bunge likafuata, mahakama ikaja nyuma yao. Na mwananchi alikuwa wa mwisho kabisa.

Tena mwezi Februari 2025 kundi la RSF, mojawapo ya pande zinazopigana Sudan, lilikutana na washirika wake Nairobi na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ilimwita nyumbani balozi wake, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Sisi tunaokaa karibu na Machakos tunakumbuka jambo tofauti. Tarehe 20 Julai 2002 Wasudani waliokuwa wakipigana walitia saini mapatano Machakos, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa mpatanishi, na njia ile ikafika kwenye mkataba wa amani wa Januari 2005. Kenya iliaminiwa na pande zote mbili. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa miaka na hubomoka kwa juma moja.

Swali la kwanza, basi, kwa mteule wa Mambo ya Nje: je, utaifunga nchi kwa ahadi kabla Bunge halijasema, na majirani zetu wakipigana, utasimama kama mpatanishi au kama rafiki wa upande mmoja?

Twende kwenye Ulinzi. Mawaziri waliapishwa tarehe 27 Oktoba 2022. Tarehe 2 Novemba Rais aliwakabidhi bendera wanajeshi wanaokwenda mashariki ya Kongo. Idhini ya Bunge ilipatikana tarehe 9 Novemba: wanajeshi 903, na gharama ya shilingi bilioni 4.4. Kikosi hicho cha Afrika Mashariki kiliondoka Kongo mwezi Desemba 2023 baada ya serikali ya huko kukataa kukiongezea muda. Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anamtaja mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani, huketi kwanza na kupima kama nguvu zake zinatosha. Kwetu bendera ilitolewa kwanza, kuketi kukafuata.

Tusisahau Somalia. Wanajeshi wetu waliingia huko mwezi Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa, na serikali ya wakati huo haikutaka kutaja hadharani idadi ya waliouawa. Mama aliyempoteza mwana aliomboleza bila kujua wangapi wanaomboleza pamoja naye.

Na askari hao waliowekwa kulinda mipaka wameletwa pia mbele ya raia. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, Bw. Duale alitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba jeshi litawasaidia polisi. Kesho yake Bunge likaidhinisha. Mahakama Kuu iliruhusu, lakini ikaitaka serikali iseme wazi jeshi litafanya nini na kwa muda gani. Katiba, kifungu cha 241, inataka idhini ya Bunge kabla ya jeshi kutumwa kutuliza ghasia ndani ya nchi.

Swali la pili, kwa mteule wa Ulinzi: je, utakubali kwamba askari wasiondoke, wala wasiletwe barabarani, kabla Bunge halijaidhinisha kwa kujua lengo, muda na gharama, na wakifa utawaambia wazazi wao ukweli?

Mwisho, Usalama wa Ndani. Kifungu cha 245 kinasema kwamba waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali wa Polisi maelekezo ya sera, na kwamba maelekezo hayo sharti yawe kwa maandishi. Lakini hakuna mtu, hata awe nani, anayeruhusiwa kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze kosa gani au amshike mtu gani. Ukuta huu ulijengwa kwa sababu tulijua polisi wa chama kimoja walikuwaje.

Kufikia tarehe 1 Julai 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa na 361 waliojeruhiwa katika maandamano ya wakati ule. Profesa Kindiki, aliyekuwa waziri, aliteuliwa tena kwa kiti kilekile, akapita mbele ya kamati mwezi Agosti na akaidhinishwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Juni 2025, Bw. Murkomen alisema hadharani kwamba anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa akieleza yale ambayo sheria inaruhusu. Mimi sitakiingia kifua chake kuona nia yake. Ninalosema ni hili: kama angalipelekwa mbele ya kamati kabla ya kupewa wizara, tungalijua mapema anauelewaje uhai wa raia na bunduki ya serikali.

Swali la tatu, kwa mteule wa Usalama wa Ndani: je, utayaweka maagizo yako yote kwa polisi katika maandishi, na utaliambia Bunge nini siku raia wasio na silaha watakapouawa?

WANAOSEMA TUSIULIZE

Wapo watakaotujibu kwamba usalama ni siri. Ni kweli ziko siri, na hatutaki kujua kikosi kitapita njia gani. Tunataka kujua mipaka ambayo waziri hataivuka. Siri ya vita ni ya jeshi, lakini sababu ya vita ni ya taifa.

Wengine watasema kwamba sera ni ya Rais, na waziri ni mtumishi wake tu. Hoja hii ina uzito, kwa maana Katiba yenyewe inasema waziri anawajibika kwa Rais. Lakini kama waziri hana msimamo wowote, Bunge lilipewa kazi ya kuidhinisha nini? Mtumishi anayesema "nitafanya nitakaloambiwa" ametupa jibu tayari, nasi tulipime kama jibu.

Wapo pia watakaosema kwamba kanisa lisijitie katika siasa. Hao tuliwasikia tangu siku za mlolongo. Mlinzi wa mji aliyeona upanga ukija akanyamaza, Ezekieli anasema damu itatakwa mkononi mwake.

Na liko pingamizi la nne, ambalo halitoki Nairobi, linatoka humu. Mtu wa nyumbani anapoteuliwa, ulimi wetu huwa mzito. Tunasema: huyu ni wetu, tusimharibie. Dkt. Mutua ni mwana wa Ukambani, Bi. Malonza ni wa Kitui. Lakini risasi haiulizi kabila la waziri, na jeneza lililotoka Haiti halipungui uzito kwa sababu aliyetangaza safari ni Mkamba. Kumwuliza wetu kwa ukali uleule tunaomwulizia wa wengine ndiyo heshima ya kweli, kwani tunamhesabu kuwa mtu mzima anayeweza kujibu.

KAZI YETU

Wenzangu, tunafanya nini? Wazazi wetu walichimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, kila nyumba ikitoa mkono mmoja. Kazi hii nayo ni ya mwethya.

Kwanza, kila kanisa na kila kikundi kiwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ya waziri ni mali ya umma. Jina lake, siku aliyohojiwa, alilosema juu ya mambo haya matatu, na alilofanya baadaye, yote yaandikwe. Baada ya uchaguzi mkuu wa 2027 litaundwa baraza jipya, na zile siku saba za tangazo hupita upesi. Tusingoje siku hizo ndipo tutafute kalamu.

Pili, tumpelekee mbunge wetu wa Kitui Magharibi maswali matatu kwa maandishi kabla ya kikao, tena tumwombe yafike kwa wajumbe wa kamati. Mwenye ushahidi dhidi ya mteuliwa auweke katika kiapo mbele ya wakili au hakimu. Uvumi wa sokoni usiandikwe, kwa kuwa uongo mmoja huchafua ukweli kumi.

Tatu, waziri anapohamishiwa mojawapo ya viti hivi vitatu, tudai aitwe mbele ya kamati ya Bunge. Kifungu cha 153 kinamlazimu waziri kufika anapoitwa na kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti, na kujibu maswali. Hata kama sheria haitaki apigwe msasa upya, kamati ikitaka inaweza kumwuliza yaleyale. Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata ombi la kubadili sheria. Tuombe sheria ile ya 2011 iongezwe neno moja: msimamo wa mteuliwa juu ya kazi anayopewa.

Nne, tufuatilie taarifa. Baraza la Usalama wa Taifa linatakiwa kulipa Bunge taarifa ya hali ya usalama kila mwaka, na Rais kila mwaka anatakiwa kueleza jinsi nchi inavyotimiza wajibu wake kwa mataifa. Tumwulize mbunge: taarifa hizo zimefika? Umezisoma? Zinasema nini juu ya Mutha na Endau?

Maswali yetu yawe yaleyale kwa kila serikali. Chama tunachokipenda kikishika madaraka, tusiyapunguze. Chama tusichokipenda kikishika, tusiyatie sumu. Mageuzi tuliyoyapigania hayakuwa ya kubadilisha nyuso za wanaopanda magari yenye bendera. Yalikuwa ya kumfanya kila anayepanda gari hilo ajue kwamba yuko mtu kijijini aliyeandika maneno yake, naye atamsomea.

Siku jina litakapotangazwa, iwe la rafiki au la mgeni, tuwe tumekwisha kuandika maswali yetu.